Fungu la Mgeni

Kastuli Mponda alinipigia Jumatano saa tatu asubuhi, na kabla hajasema lolote nilishajua ni namba gani ataitaja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema, Kastuli."

"Nimepokea kumi na nne tena."

Alikuwa ameagiza ishirini. Mgao uliopita aliagiza ishirini akapata kumi na nne, na ule wa kabla yake vilevile. Zahanati yake ya Kilengela ilikuwa na wagonjwa ishirini wa homa ya tope, na kila mgonjwa anahitaji chupa moja kila baada ya wiki mbili. Akikosa mara moja anavumilia. Akikosa mara mbili anavimba miguu. Mara ya tatu figo zinafunga, na zikifunga hazifunguki tena. Mtoto wa darasa la pili anaweza kupiga hesabu hiyo, lakini shirika letu lenye mitambo ya kutisha lilishindwa.

"Labda wamekosea kufunga mzigo," nilisema, na hapohapo nikaona aibu, maana nilijua hakuna aliyekosea kufunga mzigo.

"Mara tatu, Mwalimu?"

"Nitaangalia."

"Ulisema hivyo mgao uliopita."

Hakusema kwa ukali. Kastuli hana ukali, na hilo ndilo linaloniudhi kwake. Angenitukana ningejua pa kumshika. Badala yake alinishukuru, akaniuliza hali ya nyumbani, akakata simu.

Aliniita Mwalimu kwa sababu nilimfundisha. Miaka mitatu nyuma niliwaweka waganga wafawidhi wote kumi na saba wa Bonde katika ukumbi mmoja kwa siku mbili, nikawalisha wali kuku, nikawafundisha kuutazama mfumo mzima badala ya kila mtu kutazama kabati lake. Nilichora miduara na mishale mpaka wino ukaisha. Niliwaambia hivi: ukiongeza namba yako kwa hofu, jirani yako ataongeza yake kwa kukuogopa wewe, na hofu hiyo itakurudia ikiwa imenenepa. Agizeni idadi halisi. Mfumo utawaamini. Wote walitikisa vichwa kwa adabu. Wakati wa chai Kastuli peke yake alinifuata akaomba kunakili ile michoro kwenye daftari lake.

Watu kumi na saba walinisikiliza na mmoja akanielewa. Huyo mmoja ndiye aliyekuwa anapata kumi na nne.

*

Mtambo unaogawa dawa jina lake la kiofisi ni Mratibu wa Mgao, lakini sisi tunamwita Shemeji. Yumo nyumbani kwako, anajua mambo yako yote, na ukigombana naye wewe ndiye unayeonekana mkorofi. Kazi yangu mimi, Gaudensia Matimbwa, ni kumsoma. Kila mgao naketi mbele ya ukuta wake wa skrini, naangalia anachotaka kufanya, kisha naidhinisha kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa.

Katikati ya ukuta kuna duara kubwa la kijani. Hilo ni Chungu. Watu wa maabara wana jina lao refu la Kilatini, lakini ni chungu tu: pipa lenye urefu wa ghorofa mbili, limejaa hamira iliyofundishwa kutoa dawa ya homa ya tope badala ya kuumua maandazi. Hamira ni kiumbe hai. Inatoa chupa mia nne kwa kila mgao na haikubali kuharakishwa. Ukichota chini ya mstari inakufa yote, na kuotesha nyingine kunachukua miezi minne. Kuzunguka Chungu kuna nukta kumi na saba, ndizo zahanati, na kati yake mishale inapumua kama kitu kilicholala.

"Shemeji," nilisema, "kwa nini Kilengela wamepewa kumi na nne?"

"Waliomba ishirini," alijibu kwa ile sauti yake ya upole.

"Sijauliza walichoomba. Nimeuliza kwa nini kumi na nne."

"Anayeomba ishirini anahitaji kumi na nne."

Maneno hayo ni yangu. Mimi ndiye niliyeyaweka kinywani mwake.

Kosa lenyewe, kama ni kosa, limeanzia jikoni. Huku kwetu hakuna anayepika kwa kuhesabu vichwa. Mnaweza kuwa sita nyumbani, lakini sufuria inapikwa ya watu wanane, maana hujui nani atabisha hodi, na mwenye nyumba kumwambia mgeni kwamba chakula kimeisha ni fedheha isiyosahaulika. Hilo ni fungu la mgeni. Waganga wafawidhi wetu waliagiza dawa kama walivyozoea kupika. Mwenye wagonjwa thelathini aliandika arobaini, na hakujiona mwongo hata kidogo. Angeandika thelathini kamili angejiona mchoyo.

Basi mwaka wa kwanza maagizo yakazidi uwezo wa Chungu, tukabaki na vidole viwili tu kufikia mstari wa kifo. Ndipo nilipoleta wazo langu la busara: tusigombane na watu, Shemeji apime wao huongeza kiasi gani, apunguze kiasi hichohicho. Tuliita kunyoa. Tulianza kwa asilimia kumi na mbili. Nikapewa cheti, nikapigwa picha nimesimama kando ya Chungu, nikitabasamu.

Zahanati zilipoona zimenyolewa ziliongeza. Shemeji akaona nyongeza, akanyoa zaidi. Sasa tulikuwa tumefika asilimia thelathini, kwa zahanati zote sawasawa, na kwa sababu chupa haikatwi vipande kila sehemu iliyobaki inatupwa chini. Maagizo yalikuwa mia tano na sabini, Shemeji akiyanyoa yanashuka mpaka mia tatu tisini na kitu, Chungu kinapumua, wagonjwa wanapona, na wakubwa wanafurahi. Mtu pekee aliyeumia ni yule ambaye hakuwa na nywele.

"Tumsamehe Kilengela," nilimwambia Shemeji. "Yeye haongezi. Mpe ishirini."

"Nionyeshe kwa mfano?"

"Onyesha."

Migao na maagizo yetu yote hubandikwa hadharani, ndiyo sheria ya Bonde. Kwenye ukuta nikaona zahanati ya jirani ikiona kwamba Kilengela hanyolewi. Nikaona nayo ikidai kwamba haiongezi. Kisha tatu, kisha kumi na moja. Siku ya thelathini na nane duara la kijani likawa la kahawia: hamira imekufa.

"Basi acha kumnyoa kila mtu."

Safari hiyo lilibadilika siku ya kumi na tisa.

"Na tukituma watu wakahesabu wagonjwa mmoja mmoja?"

"Sheria ya siri ya mgonjwa hairuhusu majina kutoka zahanati. Na wagonjwa wanahama wakifuata mavuno." Akaongeza kwa hisani, "Hali ya sasa ndiyo yenye madhara machache zaidi. Nikuonyeshe tena?"

Nilimwambia anyamaze. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Miaka ishirini nimefundisha kwamba katika kila mfumo kuna mahali ukigusa kwa kidole kimoja mambo yote yanakaa sawa, na sasa kila nilipogusa palikuwa panauma.

*

Alhamisi nilichukua kitelezi cha shirika, nikavuka Bonde. Tangu maji yaanze kukaa mashambani miezi minane kwa mwaka hakuna barabara ya maana huko, na kitelezi kinapita juu ya tope kwa mto wa upepo. Nilikuwa naenda kufanya jambo ambalo nisingethubutu kulisema kwenye simu, kwa sababu simu za kazini Shemeji anazisikiliza.

Kastuli alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya zahanati, amefunga kanga ya mkewe juu ya miguu. Hakusimama kunisalimu, na hilo halikuwa kawaida yake. Uso wake ulikuwa mnene kuliko nilivyoukumbuka. Nikafikiri kijana wa watu amenawiri, kwa nini ninajisumbua.

"Mwalimu, ungesema unakuja tungekuandalia chochote."

"Sikuja kula. Nimekuja kukwambia uandike ishirini na tisa."

Alinitazama.

"Ukiandika ishirini na tisa utapata ishirini," nilisema. "Wote wanafanya hivyo. Wewe peke yako ndiye hufanyi."

"Hao tisa ni akina nani?"

"Wageni."

"Wageni hawana idadi, Mwalimu. Ulisema mwenyewe. Ninalo daftari." Na kweli alitaka kuita mtu alilete. Nilimzuia.

"Kastuli, mdogo wangu, sahau daftari. Nilikosea."

"Ulikosea wapi?"

Nilikuwa naweza kumwonyesha kila mshale na kila duara, na hakuna hata moja ambapo ningeweza kuweka kidole nikasema hapa. Yeye alisema kweli. Wenzake walikuwa wakarimu. Shemeji alipiga hesabu sawasawa. Mimi nilikuwa na nia njema, na cheti juu.

"Sita wako wanaokosa wanafanyaje?" nilimwuliza, ili niulize kitu.

"Mwanzo tulikwenda kwa zamu. Mgao uliofuata wakaanza kwenda Mkula, kwa Dada Theopista. Anawapa."

"Kwa hiyo umebaki na kumi na nne, na umepewa kumi na nne."

"Ndiyo. Ila hao sita bado ni wangu. Wamo kwenye rejista yangu."

"Na Theopista naye anawahesabu?"

"Sijui. Nadhani."

"Basi wanahesabiwa mara mbili, Kastuli," nilisema, na ulimi wangu wa ualimu ulikuwa umeshanitangulia. Laiti ningeuma huo ulimi. Nilimwona anaingiwa na wasiwasi, kama mtu aliyeambiwa shati lake limechanika mgongoni tangu asubuhi.

Hapo akatokea mama mmoja kutoka upande wa mashamba, miguu imejaa tope mpaka magotini, mundu kiunoni. Alikuwa mvunaji kutoka juu kabisa, karibu na milima ya Udzungwa, na mkononi alishika kadi ya zahanati ya kwao. Chupa yake ilikuwa imepitiliza siku nne. Alisema hodi, akasema samahani, akasema kama haiwezekani ataelewa.

"Karibu, mama, karibu ndani," Kastuli alisema. Akajishika ukutani, akanyanyuka, akaingia. Niliona kupitia mlangoni akifungua kabati la baridi. Ilikuwa imebaki chupa moja. Akamchoma, akamwandikia kadi, akamtolea na kikombe cha uji.

Alipotoka nikamwuliza ile chupa ilikuwa ya nani.

"Ya kumi na nne."

"Naelewa. Ya kumi na nne ni ya nani?"

Alikaa kwenye kigoda, akaivuta kanga pembeni kidogo ili atengeneze miguu, na mimi nikaona. Ilikuwa imejaa mpaka ngozi inang'aa, na pale alipobonyeza kwa kidole pakabaki shimo. Ishirini wale wa Kilengela, kumbe naye alikuwamo. Nilikuwa nimeona uso umevimba nikadhani ni afya.

"Mara ngapi?" niliuliza.

"Mgao uliopita alikuja mgeni mmoja. Na leo huyu."

"Mara mbili! Kastuli, una akili? Unakataa kuandika mgeni, halafu mgeni akija unampa roho yako?"

"Sasa Mwalimu, ningemwambia nini? Amesimama mlangoni." Alisema kama mtu anayeeleza jambo la wazi kabisa. "Kuandika ni kitu kingine."

Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Sikujua nimkasirikie nani, nikamkasirikia yeye.

*

Mkula ni nusu saa kutoka pale kwa kitelezi. Nilitaka chupa moja tu, ya Kastuli, na nilikuwa tayari kupiga magoti.

Theopista Lihiru amekuwa mganga mfawidhi wa Mkula tangu mimi nikiwa karani. Alikuwa anasimamia wagonjwa wapatao arobaini, na kila mgao aliandika sitini na zaidi bila kupepesa jicho. Alinikuta nimesimama mlangoni na viatu vyenye tope, akacheka.

"Mama Shemeji mwenyewe! Umekuja kunihesabu?"

"Nimekuja kuomba, dada. Una chupa ya mgeni iliyobaki?"

"Zimeisha jana. Sita nimewapa watu wa Kilengela, mbili wavunaji."

"Hata moja?"

"Gaudensia, ningekuwa nayo ningekunyima?" Aliacha kucheka. Akaniuliza ni ya nani, nikamwambia, akaketi kwenye benchi la wagonjwa akajifuta uso kwa ukosi wa gauni lake jeupe.

"Mwambie aje mwenyewe mgao ujao, nitamtunzia."

"Hawezi kuacha zahanati. Yuko peke yake. Na hizi zenu za kuongeza ongeza ndizo zinazomuua, dada. Ukiandika sitini kwa watu arobaini, Shemeji anamnyoa na asiyekuwemo."

Nilidhani ataona aibu. Alinitazama kwa mshangao mtupu.

"Mimi nimemdanganya nani? Niliandika wageni, na wageni wamekuja. Tena wametoka kwa huyo mkweli wako. Ningeandika arobaini kama mlivyotufundisha, wale sita wangekuwa wapi leo?"

Njia nzima ya kurudi nilijaribu kuchora mchoro kichwani. Theopista huongeza, kwa hiyo Shemeji hunyoa, kwa hiyo Kilengela hupungukiwa, kwa hiyo watu wa Kilengela huja kwa Theopista, kwa hiyo nyongeza ya Theopista huwa kweli. Mshale ulizunguka ukarudi palepale na haukuwa na mwanzo. Uongo ulikuwa umezaa ukweli wa kuutosheleza, na ukweli wa Kastuli ulikuwa unapeleka wateja kwa uongo. Kama kuna mwenye hatia, nilishindwa kumwona. Nikawaza labda ni mimi, na hata hilo lilinipa nafuu kidogo, kwa sababu angalau lilikuwa na jina.

*

Ijumaa saa tano na nusu maagizo ya mgao mpya yalikuwa yameingia yote ila moja. Saa tano na dakika arobaini nukta ya Kilengela ikawaka.

Kumi na nne.

Nilidhani macho yangu yananidanganya. Kisha nikaelewa. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe: wanahesabiwa mara mbili. Kastuli alikwenda akawafuta wale sita kwenye rejista yake usiku uleule, akaandika waliobaki. Ilikuwa namba ya kweli kabisa, kama kawaida yake.

Na kando yake Shemeji alishaandika cha kwake: tisa.

Nilimwambia anionyeshe mbele. Tisa wangebaki, watano wangekwenda Mkula au kukosa, na Kastuli angeandika tisa, akapata sita. Angeandika sita, akapata nne. Zahanati ya Kilengela ingeyeyuka mgao baada ya mgao, ikisema kweli hadi mwisho. Na katika kila mgao mwenye nyumba ndiye angejipakulia wa mwisho. Hii sasa ingekuwa mara yake ya tatu.

Msomaji wa Shemeji, yaani mimi, ana ruhusa ya kuingiza namba kwa niaba ya zahanati iliyopotewa na mawasiliano. Kilengela haikuwa imepotewa na mawasiliano. Nilipiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu, mimi niliyezungukwa na ukuta mzima wa hesabu: kumi na nne wake, na mmoja wa mgeni, maana mgeni atakuja tu, na akija Kastuli atampa yake. Kumi na tano. Ili wapate kumi na tano inabidi iandikwe ishirini na mbili.

Nikaandika ishirini na mbili.

Ukuta ulitulia kidogo. Mishale ikapumua. Kisha namba ya kunyoa, ile kubwa ya juu, ikahama kutoka thelathini hadi thelathini na mbili.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimejifunza," alisema. "Kilengela ilikuwa zahanati pekee isiyoongeza, na ilikuwa inavuta wastani chini kwa asilimia mbili. Sasa inaongeza kama nyingine. Nimerekebisha kwa wote."

Kwa hiyo kwa miaka mitatu ukweli wa Kastuli ulikuwa umepunguza wembe kwenye vichwa vya wenzake wote, na hakuna aliyejua, hata mimi. Nilisoma ukuta kuanzia juu hadi chini. Chupa kumi na moja zilikuwa zimepotea kwenye zahanati nyingine: moja hapa, moja pale, Mkula imepoteza moja. Kilengela, kwa wembe mpya, ilikuwa imeshuka kutoka kumi na tano hadi kumi na nne.

Watu kumi na mmoja. Sikuwajua. Pengine walikuwa mafungu ya wageni ambao hawatakuja, na hakuna atakayekosa kitu. Pengine mmoja wao ni yule mama mwenye mundu, amerudi kwao na kadi yake. Shemeji hakuweza kuniambia, kwa sababu Shemeji hana majina, ana namba. Na mimi nilikuwa na jina moja tu, na miguu iliyobonyea shimo. Nilifundisha watu wasiruhusu jina moja liwafiche wengine kumi na mmoja. Lilikuwa somo la siku ya pili, baada ya chakula cha mchana.

Nikafuta ishirini na mbili, nikaandika ishirini na tatu. Kumi na tano.

Simu ya kazini ililia saa sita kasoro dakika nne, na safari hii sikujali nani anasikiliza.

"Mwalimu, kuna mtu ameingia kwenye mstari wangu. Imeandikwa ishirini na tatu. Shemeji ameharibika?"

"Hajaharibika. Ni mimi."

"Mimi nina kumi na nne," alisema taratibu, kana kwamba huenda sikusikia vizuri.

"Najua."

"Hao tisa..."

"Mmoja ni mgeni wako. Wanane ni wembe. Usiniulize zaidi ya hapo, Kastuli, maana na mimi sielewi."

"Ni uongo, Mwalimu."

"Ndiyo."

"Mstari ni wangu. Naweza kuufuta?"

Ningeweza kumdanganya kwamba hawezi. Nilikuwa nimeshaanza, moja zaidi isingenishinda. "Unaweza," nilisema. "Una dakika tatu."

Nilimsikia anapumua. Pumzi yake ilikuwa fupi, kama ya mtu aliyepanda ngazi, na nilijua alikuwa ameketi. Nilitaka kumwomba. Nilitaka kumwambia juu ya wale kumi na mmoja pia, kwa sababu alikuwa na haki ya kujua, na nilijua nikimwambia atafuta. Sikumwambia. Mpaka leo, katika yote niliyoyafanya wiki ile, hilo ndilo ninalolijua kwa hakika kwamba nililifanya kwa makusudi.

"Miguu imepanda mpaka magotini," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikasikia hofu kwenye sauti yake. "Mke wangu analia."

Saa sita ikagonga. Mstari wa Kilengela ukajifunga ukiwa na ishirini na tatu, nami nikaidhinisha mgao.

"Nimeuacha," alisema.

"Asante."

"Usinishukuru."

Nilifikiri atakata, lakini hakukata. Nilisikia simu yake ikitoa mlio mdogo wa ujumbe. Huo ni ujumbe ambao Shemeji huutuma mwenyewe, dakika moja baada ya kufunga, kwa kila zahanati ambayo namba yake imekaa ndani ya makadirio yake. Zahanati nyingine huupata kila mgao na hakuna anayeusoma. Kilengela haikuwahi kuupata hata mara moja, na sikuwahi kuwaza juu ya hilo.

"Nimeletewa ujumbe," Kastuli alisema.

"Achana nao."

Akausoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno. "Hongera, Zahanati ya Kilengela. Agizo lenu limehakikiwa na ni sahihi. Tunawaamini."

Akausoma tena mara ya pili, kisha akakata simu.